Wakili Aliyenifundisha Kutembea Mipaka

Ifakara ina mawakili kadhaa siku hizi, wengine wenye ofisi za vioo na viyoyozi, lakini ukisema "Wakili" pale Kibaoni bila kuongeza neno, hata dereva wa bajaji anajua unamtaka nani. Atakushusha mbele ya nyumba ya bati lililopauka, yenye baraza la saruji na mabenchi mawili, wala hatakuuliza mara mbili. Nilifanya kazi kwenye nyumba ile mwaka mmoja na miezi minane, na jina lake nililiona kwenye mhuri tu. Sikumbuki kama niliwahi kulitamka. Hapa pia sitalitamka.

Yuko hai, tusije tukaelewana vibaya. Nikienda mjini nazungukia njia ya Mlabani ili nisipite mbele ya baraza lake, na mama yangu ananicheka kwamba nimekuwa mtu mzima wa kukwepa watu. Acha anicheke. Mzee yule hakunikosea kitu hata kimoja, na bado nikiliona koti lake la kahawia kwa mbali naingia duka lolote lililo karibu.

Niseme mapema nilichokuwa natafuta kwake, usije ukadhani nilikwenda kwa mapenzi. Nilikuwa nimemaliza shule ya sheria Dar, nimerudi nyumbani na vyeti vyangu na viatu vya kisigino, na nilihitaji mahali pa kujifunzia kazi kabla ya kuapishwa uwakili. Niliomba sehemu mbili. Ya kwanza ni kampuni ya mbegu yenye mashamba ng'ambo ya bonde, ambayo ina kitengo chake cha sheria: ofisi, gari, bima ya matibabu ya mwajiriwa pamoja na mzazi wake. Ya pili ni kwa Wakili. Kampuni ilikawia kujibu. Wakili alijibu siku ileile, kwa mdomo, huku anamenya chungwa. "Njoo Jumatatu," akasema. "Uje na mabuti ya mvua."

Nilidhani ananitania. Jumatatu nikaja na visigino vyangu, na saa nne asubuhi nilikuwa nimezama kwenye tope hadi magotini katika shamba la mtu nisiyemjua, nimeshika daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yule bibi aliyekuwa anachapa barua pale ofisini, ambaye wote tulimwita Mama Karani, alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya ardhi ndiyo iliyomlisha yule mzee. Na ardhi ya kwetu, anayeijua atakwambia, ina sura mbili. Kiangazi unaona tambarare kavu, unaweza kuendesha baiskeli kutoka hapa mpaka uchoke. Masika maji yanashuka kutoka milimani, na palipokuwa na njia panakuwa na kambare. Kwa hiyo Wakili alikuwa na utaratibu wake ambao wenzake waliuona wa kichaa: hakugonga mhuri kwenye mauziano ya shamba mpaka autembee mpaka wake mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja masika, majirani wote wakiwepo. Aliyekuja Agosti aliambiwa arudi Machi. Tukifika kwenye kona alisimama, akamwita jirani, akamtaka aguse kitu kwa mkono wake, mti au kichuguu au jiwe, na aseme kwa sauti, "Hapa ndipo." Asiyegusa, hakuandikwa.

"Mto usiuandike," aliniambia siku ile ya kwanza, maji yakiwa yanaingia kwenye viatu vyangu vya Dar. "Atakayekwambia mpaka wake ni mto, mwambie akuoneshe kitu kingine. Huu ulioko hapa mwakani hautakuwa hapa." Nikamwambia Mzee, mimi nimezaliwa huku, hilo nalijua tangu sijajua kusoma. Akanitazama. "Kulijua unalijua," akasema, na akaendelea kutembea.

Alikuwa mtu wa kukutazama. Sijui nieleze vipi. Watu wengine wakikutazama wanataka kitu, jibu au heshima au pesa. Yeye alikutazama kama anasoma mkataba, kwa utaratibu, mpaka chini kabisa, halafu anageuza upande wa pili. Wateja walikuwa wanajikuna.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa mpunga alikuja kwa treni kutoka Mlimba, mtu mnene mchangamfu, mkataba wake wa kununua shamba ameshauandaa, anataka mhuri tu. Wakili akamwambia arudi Machi. Yule bwana akasema, "Mzee wangu, mimi nanunua shamba, sinunui mvua." Wakili akamjibu, kwa upole kabisa, kwamba huku vinauzwa pamoja. Yule bwana akavuka barabara, akapata mhuri kwa mwingine siku hiyohiyo, na jioni akatupungia mkono akiwa anaelekea stesheni. Mwezi wa nne tukasikia amekutana shambani na mtu mwingine mwenye karatasi ya shamba lilelile, wamekatana mapanga, na mmoja hakuamka. Hatukujua ni yupi. Wakili aliinuka, akachukua jalada tulilomfungulia yule wa Mlimba, akaandika ndani yake maneno mawili: "Nilimruhusu aondoke." Nikamwambia hilo si kosa lake. "Sijaandika kosa," akasema. "Nimeandika kilichotokea." Akalitia jalada kwenye kabati la chini.

Tangu siku hiyo nilianza kuyaogopa majalada ya kabati la chini, ambayo hayakuwa na kesi yoyote inayoendelea lakini hakuyachoma. Mama Karani aliniambia nisiyaguse, nami sikuyagusa.

Usifikiri alikuwa mtu wa huzuni. Kanisani aliimba besi, tena ile inayotikisa benchi, na padre akianza mahubiri yeye alilala usingizi wa wazi, kichwa kifuani, mpaka tuinuke kwa sala ya Nasadiki. Alikuwa mkali wa maneno kwenye karatasi, lakini saa hakuijua kabisa. Mahakamani alifika amechelewa, joho limekunjwa kwenye mfuko wa rambo, na hakimu alikuwa ameshachoka kumkaripia. Alikataa kula kwa mteja, hata chai, akisema mtu akishakulisha huwezi kumwambia ana kesi mbovu. Lakini mahindi ya kuchoma ya barabarani aliyala mbele ya mteja mwenye njaa bila kumkatia hata kipande. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo ni tabia mbaya. Akakubali, akaendelea kutafuna.

Ijumaa mchana wateja walikuwa wachache, na ndipo alipokuwa na mchezo wake ambao mimi niliupenda kuliko kazi yenyewe. Alikuwa akituketisha kwa zamu, mimi na Mama Karani, kwenye kiti katikati ya chumba, tumeshika kitabu cha sheria ya ardhi badala ya Biblia. "Sema uongo wowote," anasema, "na uushikilie." Halafu anakuhoji kama shahidi. Alisema wakili asiyejua uongo unavyokaa mdomoni hawezi kuusikia kwa mwenzake. Mama Karani alikuwa anaangua kicheko kwenye swali la tatu. Mimi sikuwahi kuanguka. Ijumaa moja niliapa kwamba Jumapili iliyopita nilikuwa Mahenge kwa ndugu zangu. Akaniuliza njia ilikuwaje, nani alisoma somo la kwanza, padre alivaa rangi gani, tulikula nini, mbwa wa jirani alifungwa au alikuwa huru. Nilijibu yote, na mengine nikayaongezea chumvi kidogo ili yanoge. Mwisho akakichukua kile kitabu mikononi mwangu.

"Hukwenda Mahenge."

"Sikwenda, Mzee."

"Najua kwa sababu Jumapili nilikuona hapa kanisani. Kwenye maneno yako sijaona kitu."

Mama Karani akanipigia makofi. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, nikamsimulia mama, naye akacheka. Wakili hakucheka. Aliyatia mabuti yake miguuni akatoka, na mchezo wa Ijumaa haukuchezwa tena baada ya siku ile. Nilimuuliza kwa nini, akasema kazi zimekuwa nyingi, na kazi hazikuwa nyingi.

Halafu kampuni ikajibu. Walikuwa wananitaka mwanzo wa mwezi, mafunzo ya miaka miwili katika kitengo cha sheria na ajira baada ya hapo. Walinipa wiki mbili za kuamua. Mama yangu ana kisukari, na wakati ule alikuwa na kidonda cha mguu ambacho tulikuwa tunakiangalia kila asubuhi bila kusemezana. Bima ya kampuni ilikuwa inamchukua na yeye. Kwa Wakili hakukuwa na bima wala mshahara wa kueleweka. Kulikuwa na nauli, chakula cha mchana, na kujua kazi. Nilikwenda kumwambia. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, wingu limetanda upande wa milima tangu asubuhi, jeusi, na halitaki kunyesha.

"Kampuni imekujibu," akasema kabla sijakaa.

"Umejuaje, Mzee?"

"Umekuja na visigino."

Akaniambia nikae kwenye benchi la wateja. Hilo lilinishtua kidogo, sijui kwa nini.

"Mimi nilikuwa huko," akasema. "Si hiyo yenu. Nyingine, mkoa mwingine kabisa. Nilikaa miaka sita. Walinifundisha vizuri, kuliko ninavyokufundisha. Mikataba unayoniona naandika hapa, niliijulia kule. Huna haja ya kuombaomba wateja, huna haja ya kukimbizana na hakimu. Una mteja mmoja, na anakulipa kila mwezi."

"Sasa uliondoka kwa nini?"

"Niliandika notisi ya siku saba, ya kuhamisha watu. Karatasi moja tu, nusu ukurasa. Kulikuwa na kijiji pale. Baada ya siku saba hakikuwepo." Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Nikawa nasubiri jambo baya linipate. Nilikuwa nasali kabisa linipate, tuyamalize. Halikunipata. Nilipandishwa cheo, nikapewa nyumba yenye bustani, na kila asubuhi naamka mzima. Nikaona nitazoea. Nikaondoka kabla sijazoea."

Nikamuuliza kwa hiyo ananikataza.

"Sijakukataza. Wapo waliokaa kule na wamebaki watu, nawafahamu. Na hapa siyo peponi. Hapa utawaona wote unaowaandikia, watakufuata kanisani, watakufuata msibani, mpaka utatamani kuona karatasi tu, si watu. Kule utaona karatasi tu. Mwingine inamfaa."

"Na mimi?"

Alinitazama vile anavyotazama, mpaka chini, halafu upande wa pili. "Wewe nakuogopea," akasema, "kwa sababu kule utaweza."

Nilikasirika. Nilijiona nimetukanwa na sikuweza kuonesha tusi liko wapi. Nikamwambia mama yangu ana mguu unaooza na maneno mazuri hayamponyi, na akasema ni kweli kabisa, hayamponyi. Palepale akaingia ndani akaniandikia barua ya kunipendekeza, akaifunga kwenye bahasha. Nilipofika nyumbani niliifungua kwa mvuke wa birika, sioni haya kusema. Ilikuwa na mistari miwili. "Binti huyu ana akili, ni mwepesi kujifunza na hachoki. Lolote mtakalomwagiza atalitimiza." Nilifurahi, nikaifunga tena. Miaka imepita, na naijua kwa moyo, na siku hizi kila nikiikumbuka napata baridi. Sijui ile barua alikuwa anamwandikia nani, wao au mimi.

Kampuni ilinipokea vizuri. Sitasema uongo kwamba walikuwa watu wabaya. Mkuu wa kitengo alikuwa dada mmoja mwenye subira, alinifundisha kusoma mkataba kuanzia mwisho, alinikumbusha kula. Mguu wa mama ulipona. Nilikuwa naamka asubuhi natamani kufika kazini, na Wakili nikamsahau kwa miezi mizima.

Mwaka wa pili, mwezi Machi, kampuni ilikuwa inaongeza ardhi kwenye kijiji cha upande wa mama yangu, kutoka barabara kuu mpaka mto mdogo unaopita pale. Palihitajika taarifa ya ukaguzi wa mpaka: afisa sheria aende, autembee na majirani, wakubaliane, asaini. Barabara ilikuwa imefunikwa na maji, gari limekwenda mara mbili likarudi. Makao makuu wakataka taarifa kabla ya Ijumaa. "Wewe ni wa kule," mkuu wangu akasema, "unapajua." Ni kweli napajua. Nikakaa na ramani na kikombe cha chai, nikaandika kwamba upande wa mashariki mpaka ni mto, na kwamba nimeutembea mpaka huo kwa miguu pamoja na majirani wote, nao wameridhia. Kule mashariki, ng'ambo ya mto, kulikuwa na shamba la mama yangu mdogo. Nikaweka kidole kwenye ramani nikahakikisha: yeye yuko ng'ambo, haguswi. Nikasaini.

Mama mdogo ndiye aliyenilea tangu darasa la kwanza mpaka la nne, mama alipokuwa anaugua sana. Mpunga wa shamba lile ndio ulionikuza. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikuwa nacheza na watu nisiowajua.

Masika yaliyofuata, mto ukahama. Ulikata njia mpya nyuma ya shamba la Mama mdogo, kwa siku tatu, na maji yalipotulia shamba lake lote lilikuwa upande wa kampuni. Hati ilisema mpaka mto. Trekta ya kampuni ikaenda ikalima mpaka mto. Hakuna aliyemwonea mtu. Dereva alifuata ramani, meneja alifuata hati, na hati niliiandika mimi.

Mama mdogo hakunipigia simu. Nilisubiri, nikawa naichungulia simu hata nikiwa kwenye kikao, nikiandaa maneno ya kumtuliza. Wiki mbili, tatu. Hakunipigia mimi wala mama. Baadaye ofisini ikaletwa hati ya madai kutoka Baraza la Ardhi, na chini kabisa kulikuwa na mhuri ninaoujua. Nilikaa nao mezani mpaka chai ikapoa. Sikumwambia mkuu wangu kwamba mdai ni mdogo wa mama yangu, na yeye hakuniuliza, maana majina yetu hayafanani.

Siku mbili kabla ya mimi kutoa ushahidi, Wakili alikuja ofisini kwetu. Alifika mchana kweupe, na bodaboda, mabuti yamejaa tope, akalikanyaga zulia letu bila kuangalia chini. Mlinzi alimfuata nyuma mpaka mlangoni kwangu. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Hujambo."

Alikataa kiti, akakataa maji. Alisema keshokutwa wakili wa kampuni kutoka Dar atanisimamisha niitambue taarifa yangu, na akimaliza yeye atasimama na swali moja.

"Nitakuuliza kama uliutembea ule mpaka. Ukisema hapana, taarifa inaanguka, na mama yako mdogo anarudishiwa shamba. Ukisema ndiyo, sina cha kukupinga nacho. Jirani mmoja amefariki, wawili wamehama sijui walipo, na neno la mama yako mdogo peke yake halitatosha, maana ndiye mdai. Kesi nzima iko hapo."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kila ninayemkabili humwambia. Sipendi kumvizia mtu." Akatazama ukutani, kwenye cheti changu cha mfanyakazi bora. "Kisha nilitaka upate muda."

Muda wa nini, hakusema. Aliondoka, na mhudumu akaja kusugua zulia.

Muda nilioupata niliutumia hivi. Nilihesabu kwamba nikisema hapana nitakuwa nimekiri kusaini uongo. Kazi itakwisha siku hiyohiyo, na kuapishwa uwakili nisahau. Bima ya mama nayo itakwenda. Nikisema ndiyo, Mama mdogo atakuwa mkulima asiye na shamba, umri wa miaka hamsini na nane. Nililia bafuni, maji yakiwa yanachuruzika ili mama asinisikie. Halafu nikajifuta. Halafu, na hili sijamwambia mtu, nikaanza kujihoji kwenye kioo. Maji yalifika wapi? Magotini. Nani alitangulia? Jirani wa kaskazini, na fimbo. Mvua ilikuwa inanyesha? Manyunyu. Kila jibu lilikuja lenyewe, zuri, halina mkunjo.

Asubuhi ya kesi chumba cha Baraza kilikuwa kinanuka nguo mbichi, watu wote walikuwa wameloa. Mama mdogo alikaa mbele, kitenge chake cha Jumapili, mikono mapajani. Nilipopita nikamwamkia kwa sauti ndogo, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikashika Biblia, nikaapa. Wakili wa Dar akanionesha taarifa, nikasema naitambua, saini ni yangu. Akakaa. Mwenyekiti akasema, "Wakili wa mdai."

Wakili alisimama taratibu. Aliangalia karatasi yake muda mrefu, na mimi mdomoni nilikuwa na neno moja, limekaa tayari kwenye ulimi. Neno lenyewe lilikuwa ndiyo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mteja wangu ameniagiza nisimuulize shahidi huyu swali lolote."

Mwenyekiti aliinua macho. "Una hakika, Wakili?"

"Nimeagizwa."

Akakaa. Yule wa Dar alinigeukia huku anatabasamu, akafunga jalada. Wiki kadhaa baadaye hukumu ilitoka kama kila mtu alivyojua itatoka, na shamba likabaki la kampuni. Sitaki kulieleza zaidi.

Siku ile ya ushahidi, nilipotoka, Mama mdogo alikuwa ameshaingia kwenye bajaji barabarani, anasubiri. Wakili alikuwa amekaa kwenye ngazi anabadilisha viatu vya mahakamani kwa mabuti. Nilisimama ngazi moja juu yake, nikiwa na hasira nisiyojua inatoka wapi.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Alinikataza."

"Shamba ni lake. Angelipata."

"Alisema shamba atakodi, hata nusu eka. Alisema hataki kukaa kwenye benchi lile akamsikia mtoto wa dada yake anadanganya ameshika Biblia."

Mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo. "Yeye alijuaje nitadanganya?" nikasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua."

"Hakujua." Alivuta buti la pili, akalikanyagia chini lipate kukaa vizuri. "Aliniuliza mimi. Alisema, wewe ndiye uliyemfundisha, umekaa naye, akiulizwa atasemaje?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia utasema ndiyo, na kwamba nikikusikiliza hata mimi nitakuamini."

Nilitaka kumwambia amekosea. Nilifungua mdomo kabisa. Yeye akainua uso akanisubiri, kwa adabu, vile alivyokuwa akiwasubiri mashahidi, bila haraka yoyote. Aliposubiri vya kutosha aliinuka, akaniaga, akashuka kwenda kwenye bajaji.